Waliokaa Shambani kwa Namelok

Mwanamke aliyebisha hodi asubuhi ile hakuwa na mwenyeji pale mtaani Themi. Alibeba mtoto mgongoni na viatu vyake vilijaa vumbi la kijijini Kisongo. Alisema anamtafuta Bibi Batuli, na Kauthar, mjukuu, akamkaribisha ndani.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Namelok. Nashipae aliyekuwa akileta maziwa sokoni ni bibi yangu."

Bibi Batuli aligeuza uso kufuata sauti. Jicho lake moja lilishakufa, na la pili lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. "Marahaba. Nashipae yule mbishi?"

"Huyohuyo. Kabla hajafariki aliniambia, ukija kufukuzwa shambani, nenda kwa Batuli. Sasa nimefiwa na mume, na leo shemeji zangu wanakuja na trekta kulilima shamba wawe nalo wao."

Bibi akaanza kupapasa akitafuta mtandio wake.

"Bibi, leo unafanyiwa upasuaji wa jicho," Kauthar alisema. "Madaktari wa macho waliokuja mjini wanaondoka jioni, na hatujui watarudi lini. Niende mimi."

"Kwani wewe ndiye uliyeahidi?"

Ndani ya teksi, wakielekea Kisongo, ndipo bibi alipohadithia. Miaka ya mwanzo ya Uhuru, mjane mmoja wa sokoni alifukuzwa na wakwe. Batuli, Nashipae na Rekha wa duka la vitambaa wakaenda kukaa mlangoni pake. Walitukanwa, wakamwagiwa maji machafu, hawakuinuka mpaka mjane aliporuhusiwa kusema mwenyewe mbele ya wazee. Siku hiyo waliahidiana: atakayeitwa, hata na mjukuu wa mwenzake, ataenda kukaa.

"Hamkuogopa?" Kauthar akauliza.

"Tuliogopa sana. Rekha alishikwa na mkojo, tukacheka huku tunatetemeka."

Kauthar alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Miaka yote aliyosomea haki za wanawake chuoni, mtu huyu alikuwa nyumbani akimkorogea uji.

Shambani, bibi aliwekewa kiti mbele ya trekta. Shemeji mkubwa akacheka. "Mmetuletea kikongwe kipofu?"

"Naona kidogo bado, mwanangu. Trekta naiona. Haya, pitisha."

Dereva alizima injini, akashuka, akasema yeye hapiti hapo mpaka mwenyekiti wa kijiji aje. Majirani wanawake wakaanza kufika na vigoda vyao, mmoja mmoja, wakaketi bila kuulizwa.

Jua likateremka.

"Saa ngapi, Kauthar?"

"Kumi na mbili kasoro, bibi. Madaktari wameshaondoka."

Bibi akajifuta lile jicho lililobaki kwa ncha ya mtandio. "Na mwenyekiti?"

"Bado."

"Basi tukae. Namelok hajasema neno lake."

Kauthar akaketi chini, kwenye udongo, miguuni pake.