Kiganja cha Chabo

Asubuhi ya Jumatatu mwalimu wa jiografia alituma somo la mito kwenye kundi la darasa, na simu zote zikalia kwa pamoja. Vitabu vilikuwa vimeahidiwa tangu enzi za mwalimu mkuu aliyepita. Siku hizi kurasa zilikuja kwa simu, na asiye na simu alikaa karibu na mwenye nayo. Msichana wa dawati la nyuma hakuwa nayo. Wenzake walimwita Chabo, kwa kuwa alisoma kwa kuchungulia begani mwa watu, na kila alipofika katikati ya aya, mwenye simu alikuwa ameshahamia kwenye vichekesho.

Siku hiyo jirani yake alimpa mgongo kabisa. Kwa kukosa pa kutazama, Chabo akatazama kiganja chake cha kulia, akauona ukurasa wa mito. Maandishi yalisomeka vizuri, na alipoyasukuma kwa kidole yalipanda juu.

"Mwalimu, hata Chabo kapata," jirani akasema.

"Haya, afadhali," mwalimu akajibu. "Punguza mwanga, binti, unaniumiza macho."

Kiganja kilikuwa na tabia zote za simu. Jioni kiliishiwa chaji, na bibi yake, ambaye alikuwa dobi, alikilaza juu ya mashuka yaliyotoka kupigwa pasi mpaka kikajaa. Mara moja kililia katikati ya hesabu, naye akakikalia. Yule jirani wa mgongo akaanza kumbembeleza amgawie bando, bila hata haya. Chabo alifurahi, tuseme ukweli. Maisha yake yote hakuwahi kufika mwisho wa ukurasa, na sasa alikuwa anafika na kurudi.

"Mtihani wa mwisho ndio huo unakuja, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Ukifaulu, unaendelea na shule. Ukianguka, pasi ya marehemu mama yako ile pale, inakungoja."

Mwalimu mkuu naye alifurahi kwa namna yake. Aliwaarifu wakubwa kwamba shuleni kwake hakuna tena mwanafunzi asiye na kifaa, na wakubwa wakafuta ombi la vitabu.

Siku ya mtihani msimamizi alisimama mlangoni na sanduku la mbao. Simu haziruhusiwi ndani. Wanafunzi wakapanga mstari, wakazitumbukiza. Chabo akafika mikono mitupu.

"Na hiyo?" msimamizi akauliza.

"Shikamoo, mwalimu. Huu ni mkono tu."

"Marahaba. Naona ni mkono. Unawaka?"

"Unawaka."

"Basi, sandukuni. Sheria haina upendeleo, mwanangu. Kesho nitaambiwa nimembeba mtu."

Chabo akageuka kumtafuta mwalimu wa jiografia. Mwalimu alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu. Msichana akaushika mkono penye kifundo, akauzungusha kama mfuniko wa chupa, ukatoka bila damu. Akaulaza taratibu juu ya simu za wenzake, usije ukaumia.

Swali la kwanza lilikuwa la mito. Aliijua yote. Alishika kalamu kwa kushoto, herufi zikayumba, karatasi ikateleza kwa kukosa mkono wa kuishikilia, akaikandamiza kwa kiwiko. Kengele ilipolia alikuwa bado kwenye swali la tatu. Alilia, lakini kwa sauti ya chini, asisumbue wengine. Mlangoni msimamizi alimrudishia mkono wake na kumwomba ahakikishe kwamba ndio wenyewe.

Jirani alifaulu. Chabo alianguka. Mwalimu wa jiografia alituma pole kwenye kundi, ikasomeka vizuri kiganjani.

Sasa anapiga pasi na bibi yake. Umeme ukikatika, huinua mkono ili bibi aone kola za mashati. Hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye kundi, kwa hiyo masomo yanamfikia kila asubuhi, naye huyasoma mpaka mwisho kabla ya kushika pasi.

Wiki iliyopita lilikuja tangazo lenye picha. Viganja vya watoto watatu wa dawati la nyuma vimeanza kuwaka, mwalimu mkuu aliandika, na shule imejipanga vizuri. Pichani alisimama na seremala, kando ya sanduku jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Chabo akamwonyesha bibi. Bibi akavaa miwani, akakishika kile kiganja, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kazi nzuri ya mbao," akasema, kisha akampa shati jingine.