Simu Iliyodai Imepokea Sera Mpya

Sravanthi, mkaguzi wa usalama wa simu, hakuipenda haraka ya Phanindra. Tangu asubuhi kijana huyo mwandishi wa programu alikuwa akiizunguka meza ya Sravanthi, pale kwenye chumba cha majaribio cha kampuni ya simu huko Hyderabad, akimtaka aidhinishe sera mpya ya usalama ili wateja watumiwe jioni ile ile.

"Akka, dada yangu, si simu imeandika yenyewe kwenye kioo? 'Sera imepakiwa upya.' Unataka ikuapie?"

"Iniapie ya nini, mdogo wangu? Ngoja niibane kidogo."

Sera hiyo ilitakiwa kuzuia programu zisiwashe maikrofoni wala kamera kwa siri, na simu iitii papo hapo bila kuzimwa. Kwenye simu ya majaribio Sravanthi akafungua programu ya tochi aliyoitengeneza kwa ajili ya majaribio, akaiamuru isikilize. Mstari wa sauti ukaanza kurukaruka kwa mvumo wa feni.

"Mbona inasikia?"

Phanindra akainama kuitazama simu. "Labda tochi yako ndiyo mbovu."

Jibu hilo lilimzidishia shaka. Akaunganisha simu na kompyuta, akalinganisha sera inayotumika ndani ya simu na ile aliyoletewa. Hazikufanana. Simu ilikuwa imepakia upya kweli, ila ilipakia nakala ya zamani.

"Ulisema umejaribu mwenyewe."

"Nimejaribu! Haki ya mama yangu."

"Mama muache apumzike. Nionyeshe ulivyojaribu."

Akamkodolea macho vidoleni, asije akabonyeza kitu kwa ujanja. Phanindra akaituma sera kwenye simu yake mwenyewe, kisha akaizima simu na kuiwasha. Akaifungua tochi ile ile humo; ikakataliwa maikrofoni.

"Umeona?"

"Nimeona umeizima."

Phanindra akaduwaa. "Huwa... huwa naizima tu. Mazoea."

"Mteja hataizima. Ataitia mfukoni akijua analindwa."

Walikuta amri moja ikiielekeza simu kwenye nakala ya zamani kila inapopakia bila kuzimwa. Phanindra akairekebisha. Safari hii, bila simu kuzimwa, sera zilifanana, tochi ikanyimwa maikrofoni, ikanyimwa na kamera. Sravanthi akarudia kwa simu nyingine, aliyoichagua mwenyewe kabatini.

"Akka, ulidhani nakudanganya?"

"Ndiyo."

Phanindra alitazamia acheke. Hakucheka. Kijana akachukua kikombe chake, akarudi mezani kwake. Sravanthi aliona vibaya kumuumiza, lakini kabla ya kuidhinisha alijaribu mara moja tena.