Mama wa Kwenye Tiketi

"Mimi nimetembea nchi hii kuliko dereva wa basi," Bi Zamda aliwaambia wenzake pale Chanika ya Handeni, walipokuwa wamekaa kibarazani wakichambua kunde. "Tanga nimefika, Morogoro nimefika, Dodoma nimelala siku tatu." Wenzake wakaguna kwa kumsifu. Akaona haya kidogo, akaongeza, "Isipokuwa kote huko nilikwenda kuzika. Hiyo Dodoma yenyewe sikuiona, nilikuwa nimejifunika kanga nalia."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Miaka sitini na minane, na hajawahi hata siku moja kupanda chombo bila mtu kufa, kuumwa au kuolewa. Alitaka safari moja tu isiyo na sababu. Akae dirishani, atazame, afike, ageuze, arudi. Tena alitaka kuuona ule mlima wa Moshi wenye theluji, maana alikuwa anauona kwenye kalenda ya duka la dawa mwaka wa kumi na moja sasa, na alishaanza kushuku kwamba umechorwa.

Bahati ilimjia kwa njia ya mkwewe. Muhsin, aliyemwoa binti yake Maryamu, alikuwa fundi wa njia ya reli na nyumba yao ilikuwa Masuguru, Korogwe. Kazini kwao mtumishi akienda likizo hupewa tiketi za punguzo za matembezi, yeye na mkewe na watoto na wazazi wake. Muhsin hakuwa na wazazi tena, wote wawili walishatangulia. Kwenye fomu ukabaki mstari mtupu wenye maneno MAMA WA MTUMISHI.

"Niandikeni mimi," Bi Zamda alimwambia Maryamu kwenye simu. "Kwani mimi si mama?"

"Mama yangu. Si mama yake."

"Fomu imeuliza mama wa nani?"

Fomu ilikuwa imeuliza, tena kwa herufi kubwa. Lakini Maryamu alimpenda mama yake, na Muhsin alimwogopa, basi jina likaandikwa.

Mpango ulikuwa Maryamu akae katikati. Maana kwao Handeni mama mkwe na mkwe wa kiume hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala mama hamtaji mkwewe kwa jina. Kwa miaka tisa Bi Zamda na Muhsin walikuwa wakizungumza vizuri kabisa kupitia kwa Maryamu, hata wakiwa ua mmoja. "Mwambie Baba Zaidi mvua inakuja, aanue nguo." "Mwambie mama nimesikia." Yamekwisha. Sasa siku moja kabla ya safari, mjukuu Zaidi akatokwa na tetekuwanga mwili mzima. Maryamu akalazimika kubaki kumpaka dawa, na tiketi zilikuwa na tarehe isiyosogezeka.

"Nendeni tu," Maryamu alisema. "Mama na mwanawe, kuna nini?"

Treni ya nyongeza ya Desemba iliingia Korogwe asubuhi, imejaa watu wanaokwenda kwao kula sikukuu. Mlangoni mwa behewa alisimama mkaguzi wa tiketi, Abdi, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Akatazama kitambulisho cha kazi cha Muhsin, akatazama tiketi, akamtazama Bi Zamda.

"Huyu nani wako?"

"Mama," Muhsin alisema, akiangalia magurudumu.

"Shikamoo mama. Pandeni, pandeni."

Ndani viti vilikuwa vinatazamana, na namba za tiketi ziliwaweka goti kwa goti. Bi Zamda akakaa dirishani, akavuta mtandio ukafunika uso upande wa Muhsin, akabakiza jicho moja la kutazamia nje. Muhsin akageuza mwili wote kuelekea kwenye ujia, mguu mmoja nje, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Kando ya Bi Zamda aliketi mama wa makamo aitwaye Hilaria, mwuza mitumba wa Dar, anakwenda kwao Rombo. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo usiojua kupumzika.

Treni ikaondoka. Mashamba ya mkonge yakaanza kupita, mstari baada ya mstari, na Bi Zamda akahisi kitu kinampanda kifuani ambacho hakukizoea safarini. Hakuna aliyekufa! Alitaka kucheka. Alitaka kumwambia mtu.

"Mwanangu," akamwambia Hilaria, "hebu mwambie huyo kijana safari ni nzuri."

Hilaria akamtazama Muhsin, aliyekuwa umbali wa mkono mmoja. "Mama anasema safari ni nzuri."

"Mwambie nashukuru," Muhsin akauambia ujia.

"Kwani hamjuani?"

"Ni mwanangu," Bi Zamda akasema upesi. "Wa kumzaa."

"Hee! Sasa mbona hamsemeshani?"

Bi Zamda akatafuta sababu, akaokota iliyokuwa karibu. "Tumegombana."

Hapo alikosea. Hilaria alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa mtaani kwake, na ugomvi wa watu kwake ulikuwa kama pilau. Akajisogeza. Akataka kujua chanzo. Bi Zamda akasema mwanawe hamjali. Muhsin, ambaye mwezi uliopita alituma mabati ya kuezekea jiko la Bi Zamda, akazidi kuugeukia ujia.

Mombo walikuta wauza matunda wamepanga foleni chini ya madirisha. Muhsin akanunua maparachichi mawili, akayaweka juu ya mkoba katikati ya viti, akageuka. Bi Zamda akangoja ageuke barabara, ndipo akayachukua, akayapakata. Hakula. Angekulaje mbele ya mkwewe?

"Mtoto anakununulia matunda, mama, na wewe umenuna!" Hilaria akasema. "Na wewe kijana, mpe mama yako mkono umwombe radhi. Mshike mkono nione."

Muhsin akaficha mikono kwapani.

"Mwe!" Bi Zamda akaruka. "Usimlazimishe!"

"Kiburi mpaka kwa aliyekuzaa? Bwana mkaguzi! Hebu njoo utusaidie hapa."

Abdi alikuwa anapita na daftari lake. Akasimama.

"Huyu mama kazaa kwa uchungu," Hilaria akamweleza, "leo mwanawe hataki hata kumwangalia. Mama wa watu tangu Korogwe hajatia kitu mdomoni, kajifunika uso, na hayo maparachichi kawekewa juu ya mkoba kama paka."

Abdi akafunga daftari. Aliutazama mtandio. Akautazama mguu wa Muhsin ulioko kwenye ujia. Miwani ikapanda puani.

"Kwenu wapi, mama?"

"Handeni. Hapo Chanika."

"Mimi wa Kwedizinga, Handeni hukohuko," Abdi akasema polepole.

Bi Zamda akajua mambo yameharibika. Mtu wa Rombo alikuwa ameona ugomvi. Huyu wa Kwedizinga alikuwa anaona ukwe.

"Kijana," Abdi akaendelea, sauti ya chini, "tiketi hii ya punguzo ni ya mzazi. Kama huyu si mzazi wako nawashusha wote wawili Mkomazi, na kitambulisho chako nakipeleka ofisini. Wakikichukua, na kazi imekwenda. Nisingependa."

Muhsin akakitoa kitambulisho mfukoni, akamkabidhi.

Bi Zamda alitazama milima ya Usambara inayopita kulia kwake, na ule wa Moshi ukamtoka kichwani kabisa. Aliwaza mabati. Aliwaza Zaidi anavyojikuna huko nyumbani. Miaka tisa kijana huyu hakumwinulia sauti, hata macho hakumwinulia. Leo akose kazi kwa sababu bibi mmoja anataka kuona theluji?

"Ni mwanangu," akasema.

"Anaitwa nani?"

"Baba Zaidi."

"Hilo kalipata kwa mtoto wake. Nataka ulilompa wewe. Mwite, akusikie."

Behewa zima likageuza shingo kusikiliza. Jina lile Bi Zamda hakuwahi kulipitisha kwenye meno yake. Hata redioni akitajwa Muhsin wa watu wengine, yeye hutoka nje akaenda kuangalia kuku. Akaushusha mtandio. Akamgeukia mkwewe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akaona kidevuni pameanza mvi. Hakuwa akijua.

"Muhsin!" akaita, kwa sauti ya mama aliyemwona mtoto anachungulia kisima.

Limetoka. Na mbingu haikuanguka. Abdi mwenyewe alianza kuteremsha miwani, na yote yangeishia hapo kwa salama kama Muhsin asingekuwa kijana aliyefunzwa adabu na marehemu wazazi wake. Kusikia jina lake kinywani mwa mama wa mkewe, alichupa akasimama wima, akavua kofia, akainama mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Naam, mama mkwe," akasema.

Hilaria akafunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu Dar. Bi Zamda akautafuta mtandio, asiupate, akajifunika kwa kiganja.

Treni ilikuwa inapunguza mwendo kuingia Mkomazi. Abdi alitazama stesheni inavyosogea, akaangalia kitambulisho mkononi mwake, akamtazama Bi Zamda, shavu lake moja likicheza kwa kicheko alichokizuia.

"Bi mkubwa," akasema, akimrudishia Muhsin kitambulisho, "huyu mwanao umemlea vizuri mno. Adabu imemzidi mpaka anakuita mkwe."