Kilio Kilichofunikwa na Muziki

"Kaa chini, papa," Hassani alimwambia mzee Donat kwa mara ya tatu. "Kaseti haiwezi kwenda mbio kwa sababu yako."

Donat alikaa. Kiti hakijapata joto, amesimama tena, yuko mlangoni, anatazama barabara ya Hewa Bora kana kwamba kuna gari linamngoja. Miaka arobaini alikuwa akiifuata miguu yake: Kolwezi, Kalemie, Ndola, hata Mpulungu alifika akalala kwa watu asiowajua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akae saa tatu mbele ya kioo cha kompyuta, umemfunga kamba.

Lakini njia nyingine hakuna. Kaseti ya video ya zamani huingia kwenye kompyuta kwa mwendo wake wenyewe. Kilio kilichochukua saa tatu mwaka 1996 kitachukua saa tatu leo.

Jumamosi familia ingemaliza matanga ya Jean-Claude, kaka mkubwa wa Donat. Mkubwa sasa ni Donat. Na kwao, Waluba wa kaskazini, mkubwa husimama mbele ya watu akauita ukoo, jina kwa jina, kila jina na sifa zake, mpaka afike kwa marehemu. Hiyo ndiyo kasala. Ukishindwa kuiita, hakuna atakayekutukana. Watanyamaza tu, na kunyamaza kwao ni kubaya kuliko matusi.

Donat hakuijua. Aliyeijua ni mama yake, aliyeiita mara ya mwisho kwenye kilio cha baba, mbele ya kamera ya mzee Djuma, mpiga video wa mtaa. Djuma alikwisha kufa, mama pia. Kazi ikabaki kwa Hassani, mtoto wa Djuma, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameifungua kaseti, akafuta ukungu kwa pamba, akairudisha kwenye ganda jipya.

Picha ikaja. Watu wamekaa chini ya turubai, wazee wa reli, wenzake baba kazini, wenye kofia zao. Kisha mama akatoka nyumbani, kitambaa amekifunga kiunoni, akasimama katikati, akafungua mdomo.

Magitaa yakalia.

"Nini hii?" Donat aliuliza.

"Muziki, papa."

"Nasikia ni muziki! Utoshe, uondoe!"

"Hautoke. Iko ndani ya kaseti. Sauti ya kwanza ilifutwa." Hassani alisita, akaokota boksi la kaseti. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mwandiko wa baba yake. Hakusoma kwa sauti. Alimpa tu.

*Kilio kifunikwe na muziki. Ameomba bwana Donat.*

Donat akakumbuka yote mara moja. Alikuwa amefika kutoka Ndola siku nne baada ya maziko, na viatu vipya. Alimwendea Djuma akamwambia: vilio hivyo sitaweza kuvisikia, weka muziki mzuri, wa kisasa. Siku zile ndiyo ilikuwa fahari, kila familia iliyojiweza iliomba hivyo. Kesho yake akaondoka tena. Kaseti hakuwahi kuitazama mpaka leo.

Akachukua kofia yake.

"Unaenda wapi?"

"Kasumbalesa, mpakani. Malori hayakosekani."

"Na Jumamosi?"

Simu ikalia kabla hajajibu. Alikuwa Laurentine, dada yake, kutoka mtaa wa Makomeno. "Yaya, kaka yangu, umeipata kasala?"

"Nimepata mdomo. Sauti hapana."

Akamweleza, hakujificha. Upande wa pili kikatoka kicheko kidogo cha uchungu.

"Weye! Na sasa umesimama, eh? Niko nasikia viatu. Unataka kukimbia tena."

"Nitafanya nini, Lolo? Nisimame mbele ya bantu kama nguzo ya umeme?"

"Mi niko na vipande vya kasala ya mama. Shida kamba ilikatika, sijui nani anatangulia nani. Angalia mukono. Mama hakukuwa anaita muntu bila kuonyesha muntu wa damu yake. Anaonyesha nani?"

Donat alirudi. Safari hii alikaa, akaweka simu mezani, sauti juu. Hassani akarudisha kanda nyuma, akasimamisha picha.

"Muzee wa kofia, pale mbele."

"Ule ni papa Léonard, mutoto wa babu! Basi anaanzia kwa babu: *mupanda-mulima asiyeuliza kilele.* Andikeni! Na sasa?"

"Mama munene, anakula."

"Anakula kwenye kilio? Ni Feza tu ule!"

Hassani aliandika, magitaa yakaendelea kulia bila haya, na mkono wa mama ukawa unapita juu ya watu kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Walisonga, wakarudi, wakagombana kidogo. Saa tatu zikawa tano. Donat hakutoka nje hata kuvuta sigara.

Kisha akainama karibu na kioo.

"Yaya?"

"Sasa anaonyesha barabara. Hakuna muntu pale. Mara tatu, Lolo. Barabara tu."

"Ile ndiyo weye," Laurentine alisema.

"Alisema nini?"

"*Na wa njia, mwana wa miguu: bukari yake nimeifunika.*" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Siku nne alifunika sahani yako ya ugali, yaya. Kila jioni mupya. Tulikuwa tunamwambia huyu haji, anasema nyamazeni, anakuja na njaa."

Donat alitazama kioo. Mama alikuwa amesimama vile vile, kidole kimeelekea mahali asipokuwapo mtu.

"Papa," Hassani alisema polepole, "niendelee?"

"Ngoja. Acha kwanza hapo."

Jumamosi alisimama. Alikosea mara moja kwa mjomba, watu wakamsahihisha kwa kelele, wakacheka, akaendelea. Kwa kila jina alinyoosha mkono kwa mwenye damu ile. Alipofika kwa mwana wa miguu, mkono ulianza kwenda barabarani wenyewe, kama wa mama kwenye kaseti. Akaurudisha, akaonyesha chini, pale alipokuwa amesimama. Laurentine akapiga kigelegele.

Akaendelea mpaka kwa Jean-Claude. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukitikisika muda wote, lakini haukutoka mahali pake.