Chupa ya Wageni

…na taa nyekundu ya kile kidude cha kunasia sauti imeshawaka, naye bado ameiinamia karatasi iliyo mapajani, "Wazazi, mafuta ya taa yawekwe juu, mbali na watoto", maneno tisa tu, mama, amesema bwana wa matangazo ya redio, soma kama unavyoongea nyumbani, watu wakisikia sauti ya mama aliyefikwa wanatulia… nyumbani huwa anaongeaje, yeye ambaye hata kuku anamfukuza kwa kunong'ona, na nyuma ya mlango ule wa bluu mwanawe Kijino amelala na mpira puani, kifua kinapanda kinashuka, mafuta yameingia mapafuni, daktari kasema tusubiri, basi wanasubiri… ukutani lipo lile bango, amelijua tangu akiwa na mimba yake, mama wa pichani mnene, anacheka, jiko lake safi kama halijawahi kupikiwa, ananyoosha mkono kuweka juu ya kabati chupa yenye fuvu la kichwa, wenzake kliniki walikuwa wakilipita bila kugeuza shingo, lakini yeye hakulipita, hapo ndipo panapomkaba, yeye alilisoma lote mpaka jina la mpiga chapa, akaenda akatii, akaosha vizuri chupa ya juisi iliyobaki walipokuja wageni, akatia mafuta, akakaza kifuniko, akaiweka juu kabisa, na kwao huko juu kuna nini… biskuti, sukari, juisi, kila kitamu anachofichwa mtoto kinapandishwa juu, Kijino anajua, Kijino alifudikiza ndoo akapanda, "Umekunywa nini, baba?" alimuuliza, mdomo unanuka, macho yanatoka machozi, naye akajikunyata akidhani atachapwa, "Ya wageni," akasema, ya wageni, ee Mungu… hakukuwa na fuvu lolote kwenye ile chupa, kulikuwa na picha ya embe… asubuhi wifi yake alimvuta pembeni, akamwambia asome walichoandika anyamaze, akijitia kueleza habari za chupa mtaa mzima utasema kamnywesha mwenyewe, "Na kaka yangu atauweka wapi uso wake?" na labda wifi anasema kweli, hii karatasi haimwaibishi mtu, imeandikwa vizuri, nukta ipo, mkato upo, na akiisoma kuna mwanamke mahali atakayeisikia huku anamenya vitunguu, ataitikia kwa kichwa, atainuka aisogeze chupa yake ya juisi rafu moja juu zaidi, kisha atarudi kwenye vitunguu vyake ameridhika, kama yeye alivyoridhika, siku ile aliridhika, alijiona mama wa kwenye picha… "Uko tayari, mama?" bwana wa matangazo anauliza tena, taratibu, anatazama saa kwa kuibia, taa bado nyekundu, mlango wa bluu bado umefungwa, nesi kapita na trei bila kumtazama, hakuna aliyetoka kusema lolote, naye anaikunja karatasi mara mbili, mara nne, anaikalia, uso wa kaka mtu utakwenda utakakokwenda, anakisogelea kidude mpaka pumzi yake mwenyewe inamrudia, hajui atamalizaje, anajua tu ataanza na yale maneno mawili ya Kijino…