Nta Juu ya Chuma cha Moto

Miaka ile nchi ilipowafungulia milango wawekezaji, kampuni moja ya kutafuta madini ilileta helikopta yake Itigi, na Mughwai akaajiriwa kuwa fundi. Kila siku alifunga kihisi cha mtetemo kwenye giaboksi, akasoma namba, kisha akatia sahihi kwamba chombo ni salama. Namba zikipanda, beringi inakufa.

Skrubu ya kihisi ikakatika. Nyingine ingefika kwa treni baada ya siku nne. Mughwai akanunua nta ya nyuki sokoni, akakigandisha kihisi kwayo, kama alivyozoea kwenye pampu za visima. Asubuhi namba zilikuwa juu, ingawa hazijavuka kikomo. Alipopima tena helikopta iliporudi, zilikuwa zimeshuka.

"Mgonjwa wako amepona?" rubani Elisha alimtania.

"Amekushinda wewe, kaka. Yeye hakoromi."

Akatia sahihi. Hakukumbuka kwamba pampu za visima hazipati moto. Giaboksi ilikuwa imechemka, nta ikalegea, na kihisi kilichokalia kitu laini hakikuusikia mtetemo mdogo wa beringi iliyokwisha kulika. Kesho yake helikopta ilianguka vichakani upande wa Mitundu. Elisha alikuwa peke yake.

Kampuni ikatangaza kwamba rubani alikuwa amelewa. Mughwai alipokwenda kukanusha, meneja alimjibu bila kuinua macho: "Marehemu hafukuzwi kazi, fundi. Wewe una watoto."

Akanyamaza wiki tatu. Ya nne akasafiri hadi Kinyangiri, kwa Damari, mama yake Elisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyefanya naye kazi? Niambie basi, alianza lini kunywa?"

Mughwai akapiga magoti, akaeleza yote: skrubu, nta, namba, sahihi. Hakujitetea hata kwa neno moja.



"Mchungaji aliniambia nimsamehe mwanangu," alisema Damari. "Nikamsamehe. Nimemsamehe mtoto asiye na kosa."

"Nitawaandikia wakaguzi wa ndege, mama."

"Waandikie. Lakini hapa hawasomi barua za wakaguzi. Jumapili utasimama kanisani useme."

"Nitasema."

Damari akaingia jikoni, akatoka na ugali na mlenda, akamnawisha mikono.

"Kula. Umetoka mbali. Wewe sijakusamehe."

Mughwai akala, naye Damari akageukia ukutani ili asimtazame.