Zege la Oktoba

Mimi simwagi zege baada ya Oktoba mosi. Miaka arobaini na tatu nimefanya kazi hii huku kaskazini mwa Minesota, na sheria hiyo sikuivunja kwa mchungaji, kwa meya, wala kwa mke wangu, ambaye alisubiri ngazi zake za mbele miezi minane na kuninunia yote minane. Zege linataka joto ili likomae. Ukilimwaga wakati baridi imeshabisha hodi, unamtoa mtoto mchanga nje bila koti. Sheria hiyo niliivunja mara moja tu, kwa ajili ya dada yangu Aune.

Aune ana miaka sabini na tisa. Mumewe, Arvid, alikatwa mguu Agosti ile kwa sababu ya kisukari, na figo zake nazo zilikuwa zimeshachoka. Mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali Duluth kusafishwa damu. Ipo kampuni yenye gari la kubebea watu wa viti vya magurudumu, ila kwanza ilimtuma mama mmoja mpole kuja kukagua. Akatembea kutoka mlangoni hadi barabarani, hatua kumi na nane, akatikisa kichwa. Njia ile aliimwaga babake Arvid, na baridi ya miaka sitini ilikuwa imeinyanyua vipande vipande, kimoja juu, kingine chini. Yule mama akasema bila njia ya zege iliyo tambarare, dereva wao haruhusiwi kumsukuma mtu. Na bila gari, Arvid angehamia nyumba ya wazee kule Duluth, ambako mashine ya damu iko ghorofa ya chini. Ni mwendo wa saa moja na nusu, na Aune macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari.

Arvid alizaliwa kwenye sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, iliyo nyuma ya nyumba ile ile, kama walivyozaliwa Wafini wengi wa zamani huku, na alikuwa ameshatuambia kwamba atakufa hatua ishirini kutoka pale alipozaliwa. Alikuwa akilisema hilo kwa raha, kama mtu anayetaja mahali atakapokula chakula cha jioni.

Aune hakuniomba kitu. Sisi hatuombi. Alinimiminia kahawa, akanikatia mkate wa iliki, akasema amesikia kwamba mwaka huu baridi itachelewa. Nikamtazama, naye akatazama dirishani. Basi yakaisha.

Nilianza tarehe kumi na tisa Oktoba. Nikavunja vipande vya zamani, nikachimba hadi kwenye udongo mgumu, nikashindilia changarawe tabaka kwa tabaka ili maji yapate pa kwenda, maana maji yakituama chini ya zege huku kwetu yataganda, yatavimba, na yatainyanyua njia yako hata ungeimwaga kwa dhahabu. Nikafunga mbao, nikapima mteremko. Nikaagiza zege lile lenye vijipovu vya hewa ndani yake, la watu wa baridi. Siku ya kumwaga nilisubiri maji ya juu yakauke yenyewe, sikuharakisha mwiko, kisha nikapitisha ufagio ili gurudumu lishike. Jirani yao, Gordi Zupancich, mchimba chuma mstaafu, alikuwa ameegemea uzio muda wote huo akinikosoa.

"Rudi," akaniita kwa jina langu, "hiyo ni njia ya kiti au uwanja wa ndege?"

"Ni ya kiti. Wewe ukitaka kutua, tua kwenu."

Alicheka hadi akakohoa. Nikalifunika zege kwa blanketi nene siku kumi na mbili. Nilipolifunua, nasema bila kujisifu, lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kumwaga. Mwezi wa Novemba Arvid alitoka hospitali, akasukumwa juu yake mara ya kwanza, akashika kofia yake kama mfalme anayepita mjini. Nililia kidogo, nikasingizia upepo.

Lilibaki jambo moja. Zege changa halitiwi chumvi majira yake ya kwanza ya baridi. Chumvi huyeyusha barafu, yale maji ya chumvi huingia kwenye zege, usiku yanaganda, mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena, na kila mara yanabandua ngozi yake kidogo. Zege lililokomaa huvumilia. La Oktoba halivumilii. Nikamwambia Aune, nikamwambia dereva, nikampigia simu binti yao aliyeko Kalifonia, ambaye hata angetaka asingeweza kuimwagia chumvi njia ile. Nikaacha ndoo mbili za mchanga mlangoni na kusema: mchanga tu, hadi masika.

Gordi sikumwambia, na hapa nieleweke.

Theluji ilianza kuanguka mwisho wa Novemba, na kila Aune alipoamka aliikuta njia imeshasafishwa. Alijua ni Gordi. Mimi nilijua ni Gordi. Mtaa mzima ulijua. Lakini huku kwetu jambo kama hilo halitajwi. Watu husema tenda wema nenda zako, na sisi tumeuchukua usemi huo tukaupeleka mbali kupita kiasi: mtenda wema huamka kabla ya kucha ili asionekane, na mtendewa hutazama pembeni ili asimwaibishe. Kumwendea Gordi na kumwambia "usitie chumvi" kungekuwa kumwambia "tumekuona," na kumwambia "tumekuona" kungekuwa kumshukuru, na mtu ukimshukuru anaona haya wiki nzima. Basi nikajiambia kwamba anatumia koleo tu. Mtu mzima, miaka sabini na mbili, nikaogopa sentensi moja.

Katikati ya Februari ilinyesha mvua ya barafu. Nikawahi asubuhi na mapema kwenda kuwamwagia mchanga, nikamkuta Gordi amesimama katikati ya njia na ndoo, akirusha chumvi kwa mkono kama anayelisha kuku. Aliponiona akaificha ndoo nyuma ya mguu wake.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

"Baridi leo," nikasema.

"Ipo."

Akaenda zake na ndoo yake. Nikapiga magoti nikafuta barafu kwa glavu. Ngozi ya zege ilikuwa imeshaanza kutoka, magamba magamba, na chini yake kokoto zimekaa wazi. Nikachomoa kokoto moja kwa kidole. Ilitoka bila ubishi.

Niliingia ndani nikiwa nachemka. Nikamweleza Aune yote, nikamwambia nakwenda sasa hivi kwa yule mzee nimwambie alichofanya. Arvid alikuwa bado amelala. Aune akanishika mkono wa koti.

"Hutamwambia," akasema.

"Ameiua njia, dada! Kila siku, tangu Novemba!"

"Najua. Mimi pia niliona zile chembechembe nyeupe, nikajifanya ni theluji." Akashusha sauti. "Sikiliza, Rudi. Ukimwambia, hatakanyaga hapa tena maisha yake. Unamjua. Na Arvid akienda, nani ataangalia kama pazia langu limefunguliwa asubuhi, ajue nimeamka? Wewe unakaa maili kumi na tano. Yeye yuko hapo."

Niliomba angalau atumie hila, na hila tukaitumia: Aune akasema mbele ya Gordi, kama mtu anayejisemea, kwamba chumvi inachubua nyayo za paka wake. Gordi alienda dukani akanunua chumvi nyingine, ya bei mara tatu, isiyodhuru paka. Mwema yule, haki ya Mungu, nilitamani kumkaba.

Ilipofika Machi njia ilikuwa imejaa mashimo. Maji ya theluji yalituama humo mchana na kuganda usiku. Asubuhi moja gurudumu dogo la mbele la kiti lilinasa, kiti kikainama, na Arvid akaanguka kifudifudi. Alichubuka paji la uso na viganja, hakuvunjika. Alimwambia dereva kwamba alikuwa anatafuta senti aliyoidondosha. Lakini dereva aliandika ripoti kama alivyotakiwa, na siku ya tatu kampuni ikatuma barua: gari halitakuja tena hadi njia itengenezwe.

Sasa nitengeneze vipi? Ardhi huku mwezi wa Machi imeganda futi nne kwenda chini. Kiwanda cha zege kinafunguliwa Mei. Nilijaribu kuziba mashimo kwa dawa ya viraka, nikipasha joto kila shimo kwa moto wa gesi, nimelala kwa tumbo siku mbili mgongo ukinilaani. Usiku mmoja wa baridi ukaibandua yote. Nikalaza mbao kutoka mlangoni hadi barabarani, nikampigia yule mama mpole aje azione. Alikuja. Akazikanyaga, zikateleza, akashika uzio. Akaniambia anasikitika sana, na nilimwamini, na sikitiko lake halikunisaidia kitu. Mara mbili mimi na Gordi tulimbeba Arvid na kiti chake, nikampeleka Duluth kwa lori langu. Mara ya tatu mgongo wangu ukakataa katikati ya njia, nusura tumwangushe. Daktari akasema Arvid asikose mashine hata siku moja, na nyumba ya wazee ilikuwa na kitanda kimoja wazi.

Wakati huo wote mji ulikuwa umeshatoa hukumu. Pale tunapokunywa kahawa watu walinyamaza nilipoingia. Fundi ni wa kulaumiwa siku zote; zege haliwezi kujitetea. Gordi mwenyewe alikuja akasimama karibu yangu, akaipiga njia kwa ncha ya buti, gamba likaruka.

"Rudi, hii uliikandia unga gani? Wa maandazi?"

"Ilikuwa Oktoba," nikasema.

"Si ungekataa tu, ndugu yangu. Mtu akizeeka hukataa kazi." Alisema kwa upole kabisa. Aune alikuwa dirishani akinitazama. Nikameza.

Siku ya kuondoka ilikuwa Aprili pili. Gari lilikuwa la nyumba ya wazee, na lilikuja na wanaume wawili wenye nguvu, ila Arvid alikataa wasimguse kabla hajatoka kwenye ua wake. Akasema atabebwa na watu wake. Basi mimi nikashika upande wa kushoto, mgongo umefungwa mkanda, na Gordi akashika wa kulia. Aune alitangulia na begi. Hatua kumi na nane. Barafu ilikuwa nyembamba, na kokoto zilizokuwa zimetoka ziliviringika chini ya buti zetu, kwa hiyo tulikwenda polepole sana, tukipumzika kila baada ya hatua tatu.

Tulipopumzika mara ya mwisho, karibu na barabara, Arvid akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa bado na makovu ya kuanguka. Alikuwa amelifikiria lile neno siku nyingi, niliona, na alitaka kulisema akiwa bado yuko kwake.

"Shemeji," akasema, "usijilaumu. Mkono wa fundi nao huchoka. Mimi sina kinyongo na wewe, nataka ujue hivyo."

Upande wa pili wa kiti Gordi alitikisa kichwa kukubali, macho yamemjaa machozi, akanyoosha mkono wake nyuma ya kiti akanipiga bega, kunifariji.

Sentensi ilikuwa pale mdomoni, fupi, yenye maneno manne, na ingenirudishia jina langu lote. Nikamwangalia Aune. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, amekumbatia begi kifuani kwa mikono miwili, na hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anamwangalia Gordi, jinsi mtu anavyoliangalia gogo la mwisho la kuni.

"Nisamehe, Arvid," nikasema.

"Nimeshakusamehe," akasema.

Tukamnyanyua tukamwingiza garini.